Mpishi na Kopo Lake la Makaa

Huku kwetu, kijiji cha Daudi, watu wakimtaja Mpishi wanaanza na msiba. Mimi naanza na ugali, kwa sababu ugali wake niliula miaka mingi kabla ya msiba, na mtu asiyejua alivyopika hawezi kuelewa yaliyompata.

Aliitwa Mpishi kwa kuwa alipikia shule ya msingi. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini hata mume wake alimwita Mpishi, na mimi sitalitoa hapa. Shamba lake na langu yalitenganishwa na uzio wa minyaa tu. Nilikuwa nimemzidi umri, akaniita Mama Safari kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Aliniheshimu, lakini hakunisikiliza. Wapo watu wa namna hiyo.

Shuleni alipika polepole. Makande ya watoto aliyabandika kabla ya jua, akakaa nayo na mwiko mrefu kama mpini wa jembe, akiyageuza kama mtu asiye na kwao. Mwalimu mkuu alipomharakisha alijibiwa, "Kengele ni yako, Mwalimu. Sufuria ni yangu. Ipige ukitaka, watakuja kutazamana."

Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa na watoto watano, na mume anayenunua vitunguu saumu kutoka huku na kijiji cha Bashay na kuvipeleka Arusha, leo yupo kesho hayupo. Yeye mwenyewe alitoka shuleni jua likishuka, maana ni lazima aoshe masufuria na kuchota maji ya kesho. Halafu apite shambani. Giza la milimani halisubiri mtu. Lakini mbuzi walikuwa hawajatulia zizini, watoto wa Mpishi wameshakula na wananawa mikono. Mimi nilikuwa na wake wawili wa wanangu ndani ya nyumba, na saa hiyo bado tunapuliza moto na kulaumiana.

Nilimwuliza siku moja, "Wewe unapika na majini?"

Akacheka. "Mama Safari, chakula cha jioni kinapikwa asubuhi. Jioni unakimalizia tu."

Ilikuwa kweli. Maharage aliyachemsha alfajiri kidogo tu, kisha sufuria nzima akaifunga kwenye blanketi kuukuu na kuitumbukiza kwenye tenga lililojaa maganda ya mahindi. Akirudi jioni yameiva yenyewe, bado ya moto. Maji ya ugali aliyachemsha asubuhi hiyo hiyo akayatia kwenye zile chupa za chai za maua zilizoanza kuletwa na wafanyabiashara. Mboga za majani alizianika na kuzitwanga kipindi cha mvua. Karanga alisaga Jumamosi. Hata kitunguu alikuwa nacho cha kukaanga kabisa, kimewekwa na chumvi kwenye chupa ya jamu. Akifika kwake ni kuunganisha tu kitu na kitu.

Na moto alikuja nao njiani.

Alikuwa na kopo la rangi, amelitoboa matundu kwa msumari na kulitia mshikio wa waya. Kabla ya kutoka shuleni alichota makaa ya moto chini ya sufuria kubwa, akayatia humo. Alipotembea alilibembeza ili upepo uingie. Miezi ya baridi ukungu unashuka huku mpaka humwoni ng'ombe wako mwenyewe, na Mpishi alikuwa haonekani. Kilichoonekana ni wekundu unaokuja karibu na ardhi, unakwenda na kurudi. Wajukuu wangu walikimbilia ndani.

"Bibi, kuna jicho linakuja!"

"Ni Mpishi. Msalimieni."

"Shikamoo Mpishi!"

Na kutoka kwenye ukungu, sauti: "Marahaba. Mmeshakula, au bibi yenu bado anapuliza?"

Ulimi huo aliupeleka mpaka kanisani. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, yanachuruzika, kwa moshi wa jiko la shule. Jumapili moja mwinjilisti mgeni alimwona analia, akakatisha mahubiri, akamnyooshea mkono aje mbele aombewe. Mpishi hakuinuka. Alisema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Endelea tu, Baba. Hizi ni kuni mbichi."

Tulicheka wiki nzima. Lakini moshi huo aliuchukia hasa, kama watu wanavyomchukia mtu. Alisema, "Umenila macho shuleni. Kwangu hautaingia." Na haukuingia.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, kila mtu ameruhusiwa kuuza anachotaka mahali anapotaka. Vitunguu saumu viliwainua. Wakajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, bati, dari juu, vioo madirishani. Sisi wengine nyumba zetu zilikuwa na nyufa. Moshi unatoka, baridi inaingia, unakohoa, unalala, unaamka. Nyumba ya Mpishi haikuwa na ufa hata mmoja. Mume wake alituita kuiona. Alifunga mlango na madirisha, akawasha njiti ya kiberiti, akaishika katikati ya chumba.

"Tazameni," alisema. "Haitikisiki."

Kweli moto ulisimama wima. Hakuna upepo. Tulipiga makofi.

Jiko la nje likageuzwa stoo ya vitunguu saumu, na Mpishi akahamishia mapishi sebuleni kwenye jiko la mkaa. Mkaa hauna moshi, alisema, na sote tulijua hivyo. Alimimina yale makaa ya kopo, akaweka mkaa mbichi juu yake, akabandika sufuria, akafunga mlango, akaziba chini kwa gunia. Watoto walimzunguka. Huyu anasoma daftari lake, huyu anaoshwa miguu kwenye beseni, mwingine anachambua mboga. Jicho lake lilikuwa kwa wote na mkono wake haukuacha sufuria. Nilipenda kukaa pale miezi ya baridi. Palikuwa na joto zuri na harufu ya karanga. Unaanza kusimulia jambo, unasinzia kabla hujalimaliza. Nikirudi kwangu kichwa kinabana kama nimefungwa kamba, nikivuka uzio na kuvuta baridi kinaachia. Nilisema ni vitunguu saumu. Nani angesema kingine?

Msije mkadhani alikuwa mwanamke mzembe. Mtu mwenye uangalifu kama huyo sijaona tena. Shuleni hakuna mtoto aliyeonja kabla yeye hajaonja na kukaa kidogo. Maziwa aliyanusa kabla ya kuyachemsha na baada ya kuyachemsha. Chombo cha maji kikikaa wazi alikimwaga chote, hata kama kimetoka mtoni mgongoni kwake. "Kwa mkono wangu hafi mtu," alisema, na wazazi walimwamini. Kijiji kizima tulimwachia watoto wetu tangu asubuhi.

Kisha kuku wake wakaanza kufa.

Alilaza kuku ndani, pembeni mwa sebule, chini ya tenga, kwa ajili ya kicheche. Asubuhi anainua tenga, wawili wamelala na miguu juu. Wiki nyingine mmoja. Mume akasema ni ugonjwa wa kideri. Lakini kideri hakijui uzio wa minyaa, na kuku wangu walikuwa wanawika. Nilimwambia hivyo, akaniangalia vibaya, kama nimejisifu.

Baada ya kuku, watoto. Hasa Martina, kitinda mimba wake, mtoto mwembamba mwenye kuhisi baridi kuliko wenzake, aliyekaa jioni zote karibu na jiko mpaka gauni likaungua pindo. Aliamka anatapika, kichwa kinamuuma. Zahanati wakampa dawa ya malaria. Mchana yuko shuleni anaruka kamba. Kesho asubuhi anatapika tena. Kiangazi kikija, mzima. Baridi ikirudi, na ugonjwa umerudi.

"Malaria gani inafuata baridi?" Mpishi aliniuliza, amesimama kwenye uzio.

"Sijui."

"Hii siyo malaria. Huyu ni mtu."

Ndivyo alivyoanza. Watu nao walimsaidia. Nyumba nzuri ina macho ya watu, walisema. Mama mkwe wake alikuja kutoka Bashay, akaamuru vitanda vigeuzwe vichwa. Akasema wasitoe moto kumpa jirani jioni, wala wasipokee. Mpishi alikuwa Mkristo, alimcheka mama mkwe mpaka alipoondoka, kisha vitanda akavigeuza. Na jioni akaanza kufunga mapema zaidi. Mapazia mazito. Gunia la mlangoni akalilowesha ili likae vizuri. Alitaka huyo mtu, yeyote aliyekuwa, asione watoto wake wanakula nini. Kadiri walivyougua ndivyo alivyoziba. Nilipokuja kubisha hodi nilisikia kwanza gunia linavutwa, halafu komeo, halafu jicho lake jekundu kwenye upenyo. "Ni wewe? Ingia upesi, usiache wazi."

Jioni ya msiba jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa isali kwake. Tulifika giza halijaingia vizuri, mvua nyepesi inanyesha, watu kama kumi hivi na vitabu vyetu chini ya khanga. Taa ndani ilikuwa inawaka. Maharage yananukia.

"Hodi! Hodi hapa!"

Kimya.

"Yuko mtoni," alisema mmoja.

"Mtoni saa hizi, na taa inawaka? Tuimbe. Watasikia."

Basi tukasimama kwenye mvua tukaimba. Tuliimba wimbo mzima mlangoni kwa mtu, tukaurudia kiitikio, tunatabasamu, tunasubiri komeo. Mwenye kuongoza jumuiya akasogea dirishani, akaweka viganja kwenye kioo pale pazia lilipoachana.

"Wamelala," alisema. "Wamekaa mezani, na wamelala wote."

Mume wangu alivunja kioo kwa jembe. Kilichotoka mle siyo moshi. Ilikuwa joto tu, hewa laini ya jikoni, ikatugusa usoni. Tukavunja na mlango. Tukawaburuza nje mmoja mmoja kwenye majani yaliyolowa, na mvua ikawaamsha, wakaanza kutapika na kulia, na sisi tukasema asante Mungu, asante Mungu. Mpishi alitoka na mwiko mkononi, hatukuweza kumbandua vidole. Martina alikuwa karibu na jiko kuliko wote. Huyo mvua ilimnyeshea, akalala tu.

Hospitalini daktari, kijana, aliuliza swali moja: mlikuwa mnapikia wapi? Alipojibiwa akakaa kwenye kiti. Akaeleza kwamba mkaa una sumu isiyoonekana wala kunuka, na kwamba mkaa unaoanza kushika ndani ya chumba kilichofungwa ndio mbaya zaidi. Alisema taratibu, kwa heshima. Mpishi alikuwa amelala anamsikia.

"Daktari, una mama?"

"Ninaye, mama."

"Kamuulize kama mkaa una moshi."

Akageukia ukutani.

Nyumbani maneno yalikuwa mengine. Hawakusema mkaa. Kila nyumba ilipika kwa mkaa au ilitamani kupika kwa mkaa, nani angeutia hatiani? Walisema chakula. Mpishi wa shule amelisha watoto wake sumu. Kwa bahati mbaya, walisema wenye huruma. Wengine hawakusema kwa bahati mbaya. Wazazi walizuia watoto wasile shuleni. Siku ya maziko nilisikia wanawake wakinong'ona, na Mpishi alisikia pia, maana walinong'ona karibu.

Tulipotoka makaburini alienda ndani akatoka na ile sufuria ya maharage na ule ugali, vile vile vilivyoachwa, hakuna aliyethubutu kuviosha. Akaweka katikati ya ua mbele ya watu wote. Akanawa. Akamega ugali uliokauka, akachovya, akala. Akala tena. Akainua uso.

"Nani mwingine?"

Hakuna mtu.

"Mama Safari."

Nilienda. Nilinawa, nikakaa chini, nikala naye. Yalikuwa maharage mazuri, yana karanga na kitunguu, chumvi imekaa sawa. Alikula mpaka akafuta sufuria kwa kidole, kisha akabaki amekaa pale pale mpaka waombolezaji wa mwisho walipoaga, ili kila mtu amwone mzima. Muda si mrefu shule ikamrudisha kazini.

Hapo chakula kilipona, na jiko likapona pamoja nacho. Lilikuwa pembeni mwa sebule lina majivu yake, hakuna aliyeliangalia.

Nilimfuata baadaye. Sikuzunguka, sijui kuzunguka. "Mpishi, daktari alisema ni mkaa."

"Ulikula kile chakula?"

"Nilikula."

"Ulikufa?"

"Sikusema chakula. Nimesema jiko."

Akaacha alichokuwa anafanya. "Haya, jiko. Nani aliliwasha, Mama Safari? Nani alikuja na makaa kutoka shuleni akaziba mlango? Taja."

Sikutaja.

"Basi usiseme jiko mbele yangu."

Watu walisema ni mkaidi. Hakuwa mkaidi. Akikubali maneno ya daktari, yeye ndiye aliyemuua Martina, kila jioni kidogo kidogo, huku akimpikia. Akiyakataa, yupo mtu mbaya mahali fulani, na yeye ni mama aliyefiwa. Alichagua kukataa, akaendelea kupika vile vile. Mume aliweka kioo kipya. Watoto wakubwa walijifunza kufungua dirisha yeye akitoka na kulifunga akirudi. Waliponea hapo, na walikimbia nyumba ile mapema, mmoja baada ya mwingine, kwa kuolewa na kwa kazi.

Mara ya mwisho kumwona, Manyara ilikuwa imeshakuwa mkoa na sisi wote tumezeeka. Nilikuwa nimekwenda kijiji cha Dirma kwa ajili ya posa ya mjukuu wangu, nikaambiwa Mpishi anaishi huko kwa binti yake mkubwa, mwenye duka mjini Katesh, anayetoka asubuhi na kurudi jioni. Mama ndiye analea na kupika. Nikaenda kumsalimu. Ilikuwa alasiri inayoisha, upepo wa mlima umeanza.

Macho yalikuwa yamekwisha. Aliona mwanga na giza, basi. Lakini mikono! Alipapasa kisu, akakata mboga nyembamba kama uzi. Alijua chumvi kwa uzito wake kiganjani. Tuliulizana habari za wafu na wazima, alinitania kwamba sauti yangu imekuwa ya kiume. Kitandani, mle mle sebuleni, alilala mjukuu wake, mtoto wa miezi michache, amefunikwa mpaka kidevuni.

Akatoka barazani. Akarudi na jiko, mkaa wake haujashika, akaliweka chini mbele ya kitanda. Akafunga mlango. Akapapasa ukuta mpaka dirishani, akalivuta.

"Fungua dirisha, Mpishi."

"Mtoto ana kifua."

"Basi jiko likae nje."

"Upepo utalimaliza, chakula kichelewe. Wanarudi wamechoka, wana njaa." Alikuwa ameshainama anapima maji. "Mama yake hataki. Namjua. Akifika getini mimi nimeshalitoa, yeye anakuta sahani tu."

"Kila siku?"

Akamimina maji sufuriani.

Nikainuka nikamchukua mtoto na blanketi lake. Kitanda kililia, Mpishi akageuza kichwa.

"Mtoto yuko wapi?"

"Ninaye mimi."

"Mrudishe. Nje kuna baridi."

"Atapata baridi, nitamfunika." Nikafungua mlango. "Toka na wewe."

Alisimama na mwiko, uso wake upande wa upepo. Kisha akasema taratibu, siyo kwa hasira, "Nikilitoa leo, Mama Safari, nitakuwa nimesema ni mimi."

Alikuja mpaka kizingitini, akapapasa blanketi mpaka akakuta mguu wa mtoto, akaufunika. Halafu akarudi ndani, akafunga mlango.

Nilisimama nje ya dirisha na mtoto kifuani. Kwa kioo nilimwona anasonga ugali, mgongo umepinda, mkono una nguvu ile ile. Niligonga kioo.

"Nipo," akasema.

Nikakaa kidogo, nikagonga tena.

"Nipo, wewe mama. Mimi nasonga ugali, wewe unasonga dirisha?"

Nikageuka kutazama njia. Binti yake alikuwa anapanda na mkoba wake, anatembea haraka kama mtu wa duka. Akafika getini. Akaniona mimi, akaona mtoto wake nje kwenye upepo, akaona dirisha lililofungwa. Akasimama, mkono kwenye geti, hajalisukuma.

Ndani Mpishi aliacha kusonga. Alikuwa amesikia kitu, au alihisi. Nilimwona anainama, anashika masikio ya jiko kwa vitambaa, tayari kulitoa kwa mlango wa nyuma binti asilione.

"Mama Safari," aliita. "Amefika?"

Binti alinitazama.

"Bado," nikasema.